Haki ya Aliyehamishwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, hapa panaelezwa mas'ala ambayo watu wa pwani hukutana nayo kila inyeshapo mvua kubwa, nayo ni haya.

Mtu amejenga nyumba yake mahali pa khatari. Maji yakaja usiku, naye akaokolewa yeye na watoto wake. Mwenye amri akamwambia, “Usirudi tena pale, twaa kiwanja hiki, ukae.” Mahali pale ni pakavu, lakini hapana soko, hapana bomba la maji, na jua likichwa hapana taa. Je, mwenye amri amekwisha timiza wajibu wake, au angali ana deni shingoni? Na yule aliyeokolewa, akikiuza kiwanja chake na kurudi bondeni, aitwe mpumbavu, aitwe mwasi, au aitwe mtu aliyedhulumiwa?

Yafaa mas'ala haya yaanzie Mchukwi na Kibiti na nchi ya Rufiji yote, kwani watu wa huko wameijua maana ya kuhamishwa kabla ya wengi. Mto Rufiji ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania, na bonde lake lilikuwa shamba na makazi pamoja. Mrufiji hakuyahesabu mafuriko kuwa ni adui tu. Maji yalipopanda alikuwa na mpunga, na yalipopungua na kuacha tope lenye rutuba alipanda mahindi na pamba, na kilimo hicho cha pili ndicho kiitwacho mlau. Lakini mwaka 1968 maji yalipita kiasi, yakaharibu mimea na majumba. Serikali ikaona kuwa haifai watu wakae tena katika khatari ile, na katika miaka ya 1968 na 1969 ikawatoa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vipya vya nchi ya juu, upande huu na upande huu wa mto. Kazi ile iliitwa Operesheni Rufiji, nayo ilizitangulia zile operesheni za vijiji zilizokuja kuenea Tanzania nzima katika miaka ya 1970.

Nia ilikuwa njema: watu wasife maji, na wapate shule, na zahanati, na maji safi. Lakini udongo wa juu ni wa mchanga, na shamba lenye rutuba lilibaki kule kule chini. Ikawa mtu analala juu na kulima mbali. Na kwa kuwa bonde limebaki bila ya watu, nguruwe na nyani wakapata nafasi, na mkulima hakuwa na budi kurudi na kujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akae humo siku nyingi kulinda mpunga wake. Basi aliyehamishwa ili asikae bondeni akawa anakaa bondeni vile vile, ila sasa hana nyumba huko.

Neno hili ndilo la kushika tangu mwanzo. Mtu hakai mahali kwa sababu ya ardhi tu. Hukaa kwa sababu riziki yake ipo karibu. Ukiuhamisha mwili wake na usiihamishe riziki yake, riziki itauvuta mwili urudi.

Yaliyowapata watu wa Rufiji yaliwapata watu wa mjini miaka 43 baadaye. Kutoka Mchukwi kwenda Dar es Salaam ni safari ya barabara moja, na tangu zamani Warufiji ni miongoni mwa kabila zilizojaza mitaa ya mji ule. Kwa hivyo khabari hii si ya ugenini kwao. Kuanzia tarehe 20 Desemba 2011 ilinyesha mvua mjini Dar es Salaam ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haujaonekana tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi ukavunja kingo zake. Jangwani, Suna, Kigogo, Mchikichini na Hananasifu zikawa bahari moja. Watu wakapanda juu ya mapaa na kungoja kuokolewa. Waliokufa walizidi 40, na waliokosa pa kulala walikuwa maelfu. Wakaingizwa katika majengo ya shule, na shule zilipokaribia kufunguliwa, mwezi wa Januari 2012, wengi katika wao wakapelekwa Mabwepande, upande wa kaskazini wa wilaya ya Kinondoni, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo. Huko wakapewa mahema na viwanja.

Hapana mwenye insafu awezaye kukanusha kuwa kupewa kiwanja bure ni neema. Watu wengi mjini wamezeeka katika nyumba za kupanga na hawajapata kiwanja hata cha kuzikiwa. Lakini lazima itazamwe pia waliyoyaacha. Aliyekaa Suna au Jangwani alikuwa maskini, ila alikuwa maskini aliye kando ya soko. Alitembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Mkewe alipika maandazi alfajiri na kuyauza kabla ya jua kupanda. Fundi cherehani alishona hata saa nne za usiku. Kinyozi alinyoa kwa mashine ya umeme. Muuza maji baridi alikuwa na friji yake. Mchomelea vyuma alikuwa na waya wake. Umeme, ambao wazee wa pwani waliuita stima, haukuwa kwao pambo la sebuleni. Ulikuwa ni chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima na ngalawa kwa mvuvi.

Watu hao wakajikuta porini. Maji yaliletwa kwa magari. Jua lilipokuchwa kikawaka kibatari, na moshi wake ukajaa ndani ya hema. Cherehani ikashona mpaka magharibi na kufunikwa. Mashine ya kunyolea ikawekwa sandukuni. Mtoto wa shule akasoma akiwa ameinamia utambi, mama yake akichelea moto usishike turubai. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, hapana taa ya kumtazamia wala gari la kumchukua. Na aliyetaka kuifuata kazi yake ya zamani mjini, nauli ya kwenda na kurudi ilikula kile alichokwenda kukitafuta.

Mtu atasema, “Haya ni ya mwanzo tu, nguzo huja baadaye.” Ni kweli kuwa nguzo huja, na Mabwepande ya leo si ile ya mwaka 2012, mji umeifuata na nyumba zimezidi. Lakini nguzo ikija haiingii nyumbani yenyewe. Mpaka mwisho wa mwaka 2012, ada ya kuunganishiwa umeme kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka nguzoni ilikuwa shilingi 455,108. Mwezi wa Januari 2013 ada hiyo ilipunguzwa ikawa shilingi 320,960 kwa watu wa mjini na 177,000 kwa watu wa vijijini. Sasa mwenye akili na ahesabu. Mtu ambaye maji yamechukua kitanda chake, na nguo zake, na mtaji wake, anaambiwa, “Taa hiyo hapo, lipa uwashe.” Tena kwa kuwa Mabwepande imo katika mipaka ya mji, ada iliyohesabiwa ilikuwa ya mjini, na hali porini ndiko alikokaa. Kwa kulipa alikuwa mtu wa mji, na kwa kupata alikuwa mtu wa pori.

Baada ya kueleza khabari, sasa lije swali la haki. Wanazuoni wa sharia wameweka kanuni zinazotosha kulipima jambo hili, na tatu katika hizo ni karibu sana nalo.

Kanuni ya kwanza ni kuwa yakikutana madhara mawili, huchaguliwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Kufa maji ni zito kuliko kukaa gizani. Kwa hivyo mwenye amri hakukosea kuwatoa watu bondeni. Angewaacha ndipo angekosea. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na aliyeokoa roho moja amefanya jambo kubwa. Hili lisemwe wazi, asije mtu akadhani kuwa kuudai umeme ni kuikana fadhila ya kuokolewa.

Kanuni ya pili ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Ukimtoa mtu katika maji na kumtia katika njaa, hujaondoa dhara, umelibadilisha jina. Aliyekuwa akikhofu mafuriko siku chache za mwaka, sasa anakhofu kila siku ya mwaka. Mwenye amri hawezi kusema, “Nimekwisha mwokoa,” maana kuokoa hakwishi pale mtu anapotolewa majini. Mvuvi akimkuta mwenziwe baharini ameshika ubao, akamtwaa na kumshusha katika kisiwa kisichokuwa na maji matamu, kisha akatweka tanga na kwenda zake, watu hawatasema kuwa amemwokoa. Watasema amemhamisha mauti yake.

Kanuni ya tatu ni kuwa la dharura hukadiriwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Hema ni halali ya usiku wa mafuriko, na wa wiki ile, na wa mwezi ule. Katika siku hizo hapana mwenye haki ya kulalamika kuwa hapana taa, kwani aliyetoka majini hachagui. Lakini miezi ikipita na miaka ikaingia, ile haiitwi tena dharura. Imekuwa ni hali aliyowekewa mtu. Udhuru wa mwenye amri hupungua kila siku, na deni lake huongezeka kila siku, mpaka udhuru ukaisha na deni likabaki peke yake.

Ziko hoja tatu ambazo husemwa dhidi ya maneno haya, nazo zinastahiki kujibiwa kwa adabu.

Husemwa kwanza, “Watu wale walijenga mahali palipokatazwa, walijitakia wenyewe, basi hawadai kitu.” Ni kweli kuwa ramani kuu ya mji ya mwaka 1979 ililihesabu bonde la Msimbazi kuwa ni ardhi ya khatari. Lakini baada ya mwaka huo nyumba zilizidi kujengwa bondeni, na watoto walizaliwa humo wakakua na kuoa humo humo. Mwenye amri anyamazapo miaka 30, kimya chake huwa ni sehemu ya sababu. Kosa la mjengaji halifutiki, lakini halilibebi kosa la mwenziwe pia. Na maskini hakulichagua bonde kwa kuwa analipenda tope. Alilichagua kwa kuwa kila mahali pakavu karibu na soko pamekwisha twaliwa na wenye fedha. Kisha tabibu hamwulizi mgonjwa, “Nani aliyekwambia ukanyage mwiba?” kabla ya kumfunga jeraha.

Husemwa pili, “Babu zetu waliishi bila ya umeme, wakasali, wakafunga, wakasomesha na kuoza, mbona hawa wanalia?” Maneno haya hupendeza barazani, lakini hayana uzito mizanini. Babu aliishi bila ya umeme katika nchi ambayo hapana mtu aliyekuwa nao. Kazi yake, na soko lake, na saa zake zote zilipangwa kwa jua. Hakushindana na fundi wa mtaa wa pili mwenye mashine ya umeme. Ukosefu wa mtu hupimwa kwa hali ya watu anaoishi nao, na kwa kile alichokuwa nacho kikamwondoka. Ama kusema kuwa taa si jambo la dini, imepokewa kuwa Tamim ad-Dari ndiye wa kwanza kuuwashia taa msikiti wa Mtume mjini Madina, na jambo lile likasifiwa wala halikuitwa anasa. Na khalifa Umar bin Abdul-Aziz, katika kisa kinachojulikana na wengi, alikuwa akiizima taa ya mali ya umma kila mazungumzo yalipogeuka kuwa ya nyumbani kwake, akawasha ya kwake mwenyewe. Ikiwa mafuta machache ya umma yalikuwa na hisabu kiasi hicho katika kutumiwa, basi nuru ya umma ina hisabu pia katika kunyimwa.

Husemwa tatu, nayo ndiyo hoja kali zaidi, “Walipewa viwanja, wakaviuza, wakarudi bondeni. Watu wasioshukuru wafanyiwe nini?” Ni kweli kuwa wako waliouza na kurudi. Mwezi wa Desemba 2015 serikali ilipoanza kuzibomoa nyumba za bonde la Msimbazi, ilikuta bonde limejaa watu kama kwamba mwaka 2011 haukuwapo. Hapa lazima watu watenganishwe. Yuko aliyekuwa na nyumba yake penginepo, akajiandikisha kuwa ameathirika ili apate kiwanja akiuze. Huyo amekula haki ya mwenziwe, na hapana maneno yatakayomtakasa. Lakini yuko aliyekaa Mabwepande mwezi hata mwezi akisubiri, mtaji ukaisha, watoto wakalala na njaa, naye anajua kuwa kilomita 30 kutoka pale iko kazi aliyokuwa akiifanya. Huyo hakukikimbia kiwanja, alikimbia njaa.

Katika sira ya Mtume kipo kisa kinachoonyesha tofauti hii kwa uwazi. Muhajirina walipofika Madina walikuwa ni watu waliohama mji wao na kuacha mali zao. Mtume hakuwapa mahali pa kulala tu. Aliwaunganisha udugu, kila Muhajiri na ndugu yake katika Ansari. Abdurrahman bin Auf akaungwa na Saad bin ar-Rabii, na Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda, akauza na kununua, na haukupita muda mrefu akawa mtu mwenye mali na kuoa. Watu hukisimulia kisa hiki ili kuwasuta waombaji, wakasema, “Tazama, hakutaka sadaka.” Lakini wasahau kitu kimoja: soko lilikuwapo, na lilikuwa karibu, mwendo wa miguu. Lau Abdurrahman angepelekwa jangwani mwendo wa siku nzima kutoka sokoni, ushujaa wake wa biashara ungemfaa nini? Aliyehamishwa haombi kulishwa, anaomba aonyeshwe soko. Na katika mji wa zama hizi, umeme na njia na maji ndiyo milango ya soko.

Pamoja na hayo, anayerudi bondeni na watoto wake hana udhuru uliotimia. Nafsi yake ni amana, na nafsi za watoto ni amana kubwa zaidi. Akijua kuwa maji yatarudi, na maji ya Msimbazi hurudi, kisha akawalaza watoto katika njia yake, ataulizwa. Lakini hataulizwa peke yake. Atasimama yeye, na atasimama pamoja naye yule aliyepafanya mahali pa salama kuwa hapakaliki.

Basi jawabu la mas'ala ni hili. Kumhamisha mtu kwa kumwokoa ni wajibu, na wajibu huo una sehemu mbili zisizotengana: kumtoa alipokuwa, na kumsimamisha alipopelekwa mpaka awe si chini ya alivyokuwa katika maji, nuru, njia na kazi. Aliyefanya ya kwanza akaacha ya pili amefanya nusu, na nusu ya daraja haimvushi mtu.

Kwa kuwa baraza isiyo na kauli ya kutendwa ni porojo, yafaa kila mmoja aelezwe linalomkhusu.

Mwenye amri na aanze na njia, maji na nguzo kabla ya hema, pale anapopata nafasi ya kutangulia. Mafuriko ya Msimbazi na ya Rufiji si mgeni asiyejulikana. Huja mwaka hata mwaka, na kiwanja cha kuhamia huweza kutayarishwa wakati wa kiangazi. Akishindwa kutangulia, basi ahadi yake na iandikwe pamoja na siku yake, ijulikane ni lini taa itawaka na nani wa kuulizwa, maana deni lisiloandikwa husahauliwa na mwenye nguvu na hukumbukwa na mnyonge peke yake. Na mtu aliyepoteza kila kitu asitozwe ada ya kuingiza taa kama anavyotozwa mwenye duka. Katika hili serikali imekwisha onyesha kuwa inaweza kufanya vingine: mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, kwa mkopo ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022, uliweka fidia kwa wenye kuondolewa. Fidia ni hatua njema, ingawa fedha mkononi si sawa na nguzo mlangoni, kwani fedha huliwa, na kesho giza likabaki.

Na hapa khabari inarudi Rufiji ilikoanzia. Katika mto ule ule ambao watu wake walihamishwa mwaka 1968, limejengwa bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo mvua zilizidi, bonde likafurika tena, na watu wa Muhoro na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti wakapoteza nyumba na mashamba. Watu walibishana sana juu ya sababu, wengine wakiyataja maji yaliyofunguliwa bwawani, na serikali ikiitaja mvua. Ubishi huo haubadilishi hukumu ya mas'ala. Sehemu kubwa ya nuru ya nchi inatoka katika maji ya mto huu, na kwa hivyo hapana watu wenye haki zaidi ya kutoachwa gizani kuliko wale ambao mto huu umewatoa majumbani mwao. Kisima hakichimbwi katika ua wa mtu, kisha mwenye ua akaambiwa angoje zamu ya mwisho.

Ama aliyehamishwa, wajibu wake ni kusubiri kwa kudai, si kusubiri kwa kunyamaza. Asikiuze kiwanja chake kwa hasira ya mwezi mmoja, kwani kiwanja ni urithi wa mjukuu. Ajiunge na wenziwe, wachague watu waaminifu wa kuwasemea, na waidai ahadi kwa jina lake na siku yake. Wala asiwasingizie watu kuwa ameathirika na hali hakuathirika, maana kila kiwanja kimoja cha udanganyifu ni hema moja la mwenye haki lililoraruliwa.

Ama jirani, naye ni kila Mwislamu mwenye taa nyumbani kwake, asidhani kuwa jambo hili ni la serikali na waliohamishwa tu. Katika Sura ya Al-Maun wamelaumiwa watu wanaosali na huku wanazuia hata msaada mdogo wa kuazimana vyombo. Waya wa kumchajia jirani simu yake ni katika vyombo hivyo. Taa ya nje inayoachwa iwake ili watoto wa jirani wasome chini yake ni katika vyombo hivyo. Watu wa pwani waliweka wakfu visima na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti na wapitao njia. Hapana linalozuia leo mtu kuweka wakfu taa za nguvu za jua katika madrasa ya watu waliohamishwa, nazo zikawaka yeye akiwa kaburini. Kaburi ni giza, na mwenye kuwasha taa ya wenziwe leo ametanguliza kitu huko.

Na wazee wa Mchukwi na Kibiti waliofikia umri wa kuikumbuka mwaka 1968 wanayo sadaka ambayo hapana mwingine awezaye kuitoa: wawasimulie vijana, na wenye amri pia, ilivyokuwa kulala juu na kulima chini. Kosa lililosimuliwa huweza kuepukwa. Lililofichwa hurudi katika wilaya nyingine kwa jina jingine.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliochukuliwa na maji, awape nyumba walio hemani, awape nuru walio gizani, na awakumbushe wenye amri kuwa kila amri ina siku yake ya hisabu. Wabillahi tawfiki.